Dirisha na Kipindi: Uhakiki wa Lugha ya Kugawa Wakati katika Majedwali Yatiririkayo

Mhakiki wa lugha amezoea kuletewa utenzi, riwaya au tamthilia. Ni mara chache kuletewa lugha yenyewe, iliyobuniwa kwa kusudi, yenye mwaka wa kuzaliwa na wazazi wajulikanao kwa majina. SQL, lugha ya kuulizia majedwali ya kompyuta, ni ya namna hiyo. Misingi yake ya kinadharia iliwekwa na E. F. Codd katika makala aliyoitoa mwaka 1970. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaivika sarufi, na tangu hapo imeenea katika mabenki, hospitali na ofisi za serikali. Wasikilizaji wake ni mashine, lakini watungaji wake ni watu, nayo hubeba maamuzi yao kuhusu lipi litamkike kwa urahisi na lipi litamkike kwa taabu. Makala haya yanachunguza sehemu moja ya sarufi hiyo: jinsi inavyougawa wakati pale ambapo data haikukaa ghalani bali inatiririka. Itajaribiwa kuonyeshwa kwamba wabunifu walifanya jambo jema walipoutoa wakati mahali ulipokuwa umefichwa wakauweka jedwalini, lakini kwamba mambo makubwa matatu waliyaacha nusu kimya, nayo ndiyo yanayoamua kilo ya nani ihesabiwe na ya nani iachwe.

Uhakiki wa lugha kama hii hauna maana pasipo jambo la kusemwa, na jambo lililochaguliwa hapa ni majani chai ya Nyeri. Viwanda vya wilaya hiyo ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, vimetanda kwenye miteremko: Chinga, Iria-ini na Gitugi upande wa Othaya, Gathuthi upande wa Tetu, Ragati upande wa Mathira. Mkulima huchuma, hubeba kikapu au gunia hadi kituo cha kununulia majani, karani hupima, kisha lori huchukua mzigo kwenda kiwandani. Kila upimaji ni tukio lenye mambo manne: mkulima, kituo, kilo na wakati. Malipo ya kwanza huhesabiwa kwa mwezi. Bonasi hufuata baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwishoni mwa Juni. Haidaiwi hapa kwamba kiwanda chochote kati ya hivyo huendesha hesabu zake kwa lugha inayojadiliwa. Mfano umechukuliwa kwa sababu mkondo wa matukio hayo unaeleweka kwa kila mtu aliyekulia kati ya Karatina na Mukurwe-ini, na kwa sababu kosa la kugawa wakati hapo si kosa la nadharia. Ni karo ya shule.

Jedwali la kawaida lina mwisho wake. Mtu akiuliza jumla ya kilo, mashine hupita safu ya kwanza hadi ya mwisho na kujibu. Mkondo hauna safu ya mwisho; kila kukicha kuna upimaji mwingine, na swali la jumla haliwezi kujibiwa milele. Kwa hiyo hapana budi mkondo ukatwe vipande, na kila kipande kijumlishwe peke yake. Kipande hicho wabunifu walikipa jina la Kiingereza ambalo tafsiri yake ni dirisha. Kuna namna tatu mashuhuri za kukata. Ya kwanza, iitwayo TUMBLE, hutoa vipindi vya urefu mmoja vinavyofuatana bila kuachana wala kupandana, kama vyumba vya nyumba ndefu. Ya pili, HOP, hutoa vipindi vinavyopandana kama mabati ya paa. Ya tatu, SESSION, haina urefu uliopangwa: kipindi hufunguka kwa tukio la kwanza na hufungwa pakipita kimya cha kiasi fulani.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa sababu jamii za Mlima Kenya zilikuwa na mikato hii kabla ya kompyuta. Misimu ya Wagikuyu haikuitwa kwa majina ya miezi bali kwa mazao: mvua ndefu ni mvua ya njahi, na mvua fupi ni mvua ya mwere, yaani uwele. Msimu wa namna hiyo haufunguki tarehe mosi. Hufunguka mvua inaponyesha na hufungwa inapokatika, na mwaka huu waweza kuwa mrefu kuliko mwaka jana. Ndivyo ilivyo hata kwa kahawa ya Tetu na Mathira. Mwaka wa kahawa wa kiserikali huanza Oktoba na kwisha Septemba, lakini msimu aujuao mchumaji huanza siku buni nyekundu za kwanza zinapofika kiwandani na kwisha siku mashine ya kumenya inaponyamaza. Wa kwanza ni TUMBLE, wa pili ni SESSION. Mtu akitafuta mahali ambapo lugha hii ya kigeni inakaribia fikira za wenyeji, ni katika hiyo namna ya tatu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyo ngumu zaidi kwa mashine na ambayo vitabu vya mafunzo huipitia kwa haraka.

Sasa sarufi yenyewe. Katika muundo wa awali, ambao ulitumika katika Apache Calcite na Apache Flink, kipindi kilitajwa katika kishazi cha kukusanya:

SELECT kituo, TUMBLE_START(wakati, INTERVAL '1' DAY), SUM(kilo) FROM majani GROUP BY kituo, TUMBLE(wakati, INTERVAL '1' DAY)

Msomaji ataona kasoro bila kuwa fundi. Kipindi kimetajwa mara mbili, mara ya kwanza ili mwanzo wake uonekane katika jibu, mara ya pili ili mkusanyo ufanyike; na hayo matamko mawili hayana budi kulingana neno kwa neno, la sivyo sentensi haieleweki. Zaidi ya hayo, kipindi hakina makao. Hakimo katika jedwali la majani, wala hakijawa jedwali chenyewe. Kimejificha ndani ya tendo la kukusanya. Asiyekusanya hana ruhusa ya kutaja kipindi. Karani anayetaka tu kuona kila upimaji na siku uliyoangukia, bila kujumlisha, hana namna ya kusema hivyo.

Muundo wa pili ulielezwa katika makala iliyosomwa Amsterdam mwaka 2019 na Edmon Begoli, Tyler Akidau, Fabian Hueske, Julian Hyde, Kathryn Knight na Kenneth Knowles. Hawa waliegemea jambo lililokuwa limekwisha kuingizwa katika kanuni za kimataifa za SQL mwaka 2016: fankisheni ya jedwali, yaani kanuni inayopokea jedwali zima na kurudisha jedwali jingine. Flink iliufuata mwelekeo huo katika toleo lake la 1.13 la mwaka 2021. Sentensi sasa husomeka hivi:

SELECT kituo, window_start, window_end, SUM(kilo) FROM TABLE(TUMBLE(TABLE majani, DESCRIPTOR(wakati), INTERVAL '1' DAY)) GROUP BY kituo, window_start, window_end

Ni ndefu kuliko ya kwanza, wala haina umbo la kupendeza. Lakini mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ataitambua mara moja. Kipindi kimetoka katika tendo kimeingia katika mahali. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa kiambishi cha -po-, ambacho asili yake ni ya mahali dhahiri na ambacho kimepewa kazi ya kubeba wakati dhahiri: alipopima ni wakati aliposimama mbele ya mizani. Katika muundo huu mpya jedwali la majani huingia katika fankisheni likiwa na safu nne za wima na kutoka likiwa na za ziada, mojawapo ikiwa mwanzo wa kipindi na nyingine mwisho wake. Tangu hapo mwanzo na mwisho ni data kama data nyingine. Vyaweza kusomwa, kulinganishwa, kuunganishwa na jedwali la mvua au la bei, au kuachwa bila kukusanywa.

Faida kubwa zaidi huonekana kwa HOP. Mzunguko wa kuchuma chai ni siku 7 hadi 14. Mkaguzi akitaka kila asubuhi kujua kilo za siku 7 zilizopita, atakata vipindi vya siku 7 vinavyosogea siku 1 kwa siku 1, na kila upimaji utaangukia vipindi 7. Katika muundo wa kwanza kuzidishwa huko hakukuonekana kokote. Kilo moja ilihesabiwa mara saba gizani. Katika muundo wa pili jedwali linalotoka lina safu saba za mlalo kwa kila safu moja iliyoingia, na mtu anaweza kuzihesabu kwa macho kabla hajazijumlisha. Afisa asiye mwangalifu bado atajumlisha vipindi vyote na kupata mavuno mara saba ya yaliyochumwa, lakini ushahidi wa kosa lake utakuwa mezani. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo mkulima na mpimaji wamegombana juu ya mizani kwa vizazi.

Flink iliongeza pia CUMULATE, ambayo hutoa vipindi vinavyoanza mahali pamoja na kurefuka hatua kwa hatua hadi kikomo. Ndiyo hesabu ya mkulima anayejumlisha risiti zake tangu tarehe mosi.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza. Mkulima hujumlisha tangu tarehe mosi kwa sababu hulipwa kwa mwezi. TUMBLE, kwa kuwa imejengwa juu ya urefu usiobadilika, husema siku, saa na dakika kwa ufasaha. Mwezi hauwezi kuusema vizuri, maana mwezi una siku 28, 29, 30 au 31. Mtu akiandika siku 30 badala ya mwezi, kipindi cha kwanza kitakaribia Januari, cha pili kitaingia Machi, na kufikia mwisho wa mwaka mipaka ya mashine na mipaka ya kalenda itakuwa imeachana kwa siku tano au sita. Zipo njia za kuzunguka: kuunda jedwali la miezi lenye mwanzo na mwisho wa kila mmoja, kisha kuliunganisha na majani. Lakini ikiwa njia ya kuzunguka ndiyo inayotumika kwa jambo la kila siku, basi sarufi imekosea kuchagua jambo lake la kila siku. Wabunifu walifikiria mnada unaokatwa kila dakika 10, ambao ndio mfano wa makala yao yenyewe. Mshahara, kodi ya nyumba, malipo ya chai na ya maziwa, vyote vya mwezi, havikuwa mbele yao. Fankisheni iliyosifiwa kwa kuutoa wakati mafichoni imetoa wakati wa saa ya ukutani, ikauacha wakati wa kalenda.

Kasoro ya pili ni mwanzo wa siku. Vipindi vya mashine hupangwa kuanzia nukta moja, saa sita usiku kwa saa ya Greenwich, tarehe 1 Januari 1970. Ikiwa nyakati zimeandikwa kwa saa hiyo, kipindi cha siku moja huanza Nyeri saa tisa usiku, kwa kuwa Kenya iko mbele kwa saa 3. Kwa mtazamo wa kwanza hili ni kichekesho: nani hupima majani saa tisa usiku? Lakini tafakari wakati wa mavuno mengi, barabara zikiwa tope baada ya mvua za Aprili. Lori lililobeba majani ya jioni laweza kufika kiwandani usiku wa manane. Ikiwa wakati uandikwao ni wa mizani ya kiwandani, basi mkato wa saa sita usiku, ambao kila mtu angeuona wa kawaida, hupasua machumo ya siku moja vipande viwili, ilhali mkato wa saa tisa, uliokuja kwa ajali ya ramani, huyaacha mazima. Kosa limeshinda usahihi. Yafaa kuuliza kwa nini.

Sababu ni kwamba saa sita usiku si mwanzo wa siku kwa yeyote katika miteremko hiyo isipokuwa kwa karatasi. Kiswahili huhesabu saa kutoka mapambazuko na kutoka magharibi, na Kigikuyu nacho huhesabu vivyo hivyo. Nanyuki iko kwenye Ikweta yenyewe, na miji mingine ya mlimani haiko mbali nayo; jua halibadilishi desturi yake ila kidogo mwaka mzima, na hesabu hiyo ina msingi ulio imara kuliko ambavyo ingekuwa London. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi. Pwani, kwa desturi ya Kiislamu, usiku hutangulia mchana wake, hivyo usiku wa Jumatano ni ule ambao bara huenda ukaitwa wa Jumanne. Kwa kujua hatari hiyo, lugha imejitengenezea dawa: usiku wa kuamkia Jumatano. Msemo huo, ambao magazeti hautumii kwa urembo bali kwa lazima, ni tamko la mpaka wa kipindi. Unasema wazi saa zile zahesabiwa upande gani.

Fankisheni ya jedwali ina nafasi ya kusema jambo hilo, na ni haki kuitambua. Inaruhusu kutajwa kwa msogeo, kiasi cha kusukuma mipaka mbele au nyuma. Anayetaka siku ianze saa kumi na mbili asubuhi ataandika msogeo wa saa 3, ikiwa nyakati zake ni za Greenwich, na atakuwa ameiandika siku ya Kiswahili kwa SQL. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo ni ya hiari. Asiyeijaza haambiwi kwamba amechagua. Na kuchagua amechagua. Katika lugha ambayo haimkubalii mtu ataje kipindi bila kutaja safu ya wakati, ingekuwa haki vilevile isimkubalie ataje siku bila kutaja inapoanzia.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa. Tukio lina nyakati mbili: wakati lilipotukia na wakati lilipofika kwenye mashine. Mizani yapimwa saa nane mchana. Kifaa cha karani kikikosa mtandao bondeni, habari yafika saa mbili usiku. Mashine haiwezi kungoja milele kabla ya kufunga hesabu ya siku, kwa hiyo wabunifu wameweka alama iitwayo kwa Kiingereza alama ya maji, mfano wa ile inayochorwa ukingoni mwa mto. Alama hiyo ni tamko la mashine kwamba haitarajii tena jambo lolote la kabla ya saa fulani. Kipindi ambacho alama imekipita hufungwa, na kwa kawaida upimaji wake unaofika baadaye hutupwa bila neno.

Aliyesoma ile sentensi ndefu ya juu atafute alama ya maji humo. Haimo. Katika Flink hutangazwa mahali pengine kabisa, jedwali linapoundwa, pengine na mtu mwingine, miezi mingi kabla ya swali kuulizwa. Mwanzo na mwisho wa kipindi vimekuwa safu zinazosomeka. Kufungwa kwake, ambako ndiko kunakomtoa mtu katika hesabu, hakusomeki. Na alama yenyewe husogezwaje? Aghalabu kwa kutazama wakati wa mbele kuliko wote uliokwisha kuonekana, na kurudi nyuma kiasi, tuseme dakika 5. Iwapo vituo vyote vimemwagwa katika mkondo mmoja, kituo kilicho kando ya lami chenye mtandao mzuri ndicho kitakachoivuta alama mbele, na kilicho juu karibu na msitu ndicho kitakachokutwa kimechelewa. Mikondo ikitenganishwa, hutokea kinyume: kituo kilichonyamaza huwazuia wote, isipokuwa mtu ameagiza kisingojwe. Katika hali zote mbili uamuzi wa kijamii, wa nani amngoje nani, umefanywa ndani ya kishazi ambacho muulizaji haoni. Waandishi wa 2019 walipendekeza neno EMIT ili swali lenyewe liseme jibu litolewe lini, baada ya alama au baada ya muda fulani, na pendekezo hilo linastahili sifa kuliko lilivyopewa. Lakini kusema jibu litoke lini si sawa na kusema aliyechelewa afanywe nini.

Fasihi ya maeneo haya ina mfano wake wa kuchelewa. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alitiwa kizuizini mwaka 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa. Shajara yake ya kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ilichapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Kati ya wakati wa matukio na wakati wa kufika palikuwa na miaka takriban 30, na katika muda huo hesabu nyingi za kipindi kile zilikuwa zimekwisha kufungwa na wanahistoria. Hakuna aliyedhani kwamba shajara itupwe kwa sababu alama imepita. Hesabu zilifunguliwa upya. Mashine nazo zaweza kufungua upya, kwa kutoa jibu la pili linalosahihisha la kwanza. Ni gharama tu ya kumbukumbu na ya subira, na gharama hiyo ndiyo ingepaswa kujadiliwa waziwazi badala ya kufichwa katika uundaji wa jedwali.

Limebaki suala la istilahi, ambalo wanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, au kile cha Karatina, hukutana nalo kila wanapotaka kueleza kazi yao nyumbani. Kutafsiri kwa neno dirisha peke yake hakutoshi. Dirisha, neno lenye asili ya Kiajemi, ni tundu la kutazamia, na tundu la kutazamia halina mwanzo na mwisho wa saa. Hata hivyo kurasa za michezo zimelipa maana mpya: dirisha la usajili la wachezaji hufunguliwa na hufungwa, na anayefika baada ya kufungwa hangojwi. Maana hii ya pili ni hasa ile ya alama ya maji. Kwa hiyo Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kimebanwa na moja. Kipindi kiwe jina la muda ulio kati ya mwanzo na mwisho. Dirisha liwe jina la muda ambao habari za kipindi hicho bado zinapokelewa. Kipindi cha Jumatatu chaweza kuisha saa sita usiku, na dirisha lake likafungwa Jumatano.

Kwa maneno hayo mawili mkononi, marekebisho yanayohitajika huonekana yenyewe. Fankisheni inayorudisha window_start na window_end irudishe safu ya tatu, ya saa ambayo dirisha la kipindi hicho lilifungwa. Na upimaji ulioikuta saa hiyo imepita usitupwe, bali uandikwe katika jedwali la pembeni pamoja na jina la kituo, wakati wa mizani na wakati wa kufika, ili karani aweze kulisoma asubuhi.